Eda ya Siku Tisa

Mifupa iliokotwa Ivuna mwezi wa tisa mwaka 2007, na wachemsha chumvi waliokuwa wamekwenda mbali kutafuta kuni. Ilikuwa chini ya mgunga, ukingoni mwa korongo ambalo wakati wa masika hushusha maji mpaka Ziwa Rukwa. Mingine ilikuwa imeburutwa na fisi, lakini ya kifuani na ya kiunoni ilikuwa bado pamoja, kwa kuwa mwenyewe alifia ndani ya jaketi refu, na jaketi lilikuwa la ngozi ya plastiki, aina isiyokubali kuoza upesi.

Habari ilipanda kutoka bondeni ikafika Tunduma siku ya tatu. Siku hiyohiyo askari alisimama mbele ya cherehani ya Stumai, kwenye baraza la nyumba ya wakwe zake mtaa wa Sogea, akamwuliza kama yeye ndiye mke wa Uledi dereva.

Stumai alisema ndiye. Kwa miaka mitatu na nusu alikuwa akijibu hivyohivyo, ingawa moyoni hakujua kama neno hilo bado lilikuwa lake. Mumewe alikuwa akiendesha lori la Fuso, anateremka Ivuna na Kamsamba kuchukua mpunga na chumvi, anapandisha Tunduma kwa wafanyabiashara wa mpakani. Machi 2004 aliteremka na hakupanda tena. Fuso lilikutwa limezama kwenye tope karibu na kivuko cha mto, milango wazi, funguo mahali pake. Mto ulikuwa umefurika. Polisi waliandika walichoandika, wavuvi wakapekua kingo kwa siku nne, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Aliyekataa kurudi kwenye shughuli zake alikuwa mama yake Uledi. Bibi yule alisema mwanawe yuko safarini, na msafiri haliliwi. Alikataza matanga, akakataza dua ya maiti, na kila jioni akaamuru chakula cha Uledi kitengwe kwenye sahani yake. Shaban, kaka mkubwa wa Uledi, alimwapia mama yake kwamba nyumba ya mdogo wake haitavunjwa mpaka mwenyewe arudi. Hakuwa mtu mbaya, Shaban. Alikuwa mtu aliyemwapia mama yake, na kiapo hicho alikilinda kama mlinzi wa ghala anavyolinda kufuli.

Ndani ya kufuli hilo alikuwemo Stumai. Hakuruhusiwa kulia, maana hakufiwa. Hakuruhusiwa kujipamba wala kwenda ngomani, maana mume hayupo. Alipotaka kwenda kumwona dada yake Kilosa, Shaban alisema mke hasafiri mumewe akiwa safarini. Na baba yake Stumai, aliyemleta Tunduma alipokuwa mfanyakazi wa reli ya TAZARA, alikuwa ameshazikwa, hivyo hakukuwa na mtu wa kumsemea. Harusini hakujua akae upande gani, wa wenye waume au wa wajane. Binti yake Raudha, aliyekuwa na miaka tisa, alipojaza fomu ya shule aliandika kwamba kazi ya baba ni dereva, na mwalimu hakumrekebisha.

Siku moja Stumai alikwenda mahakama ya mwanzo kwa siri, akiaga kwamba anakwenda kununua vifungo. Karani, mzee mmoja aliyeitwa Watson, alimweleza taratibu kwamba mtu akipotea miaka mitano bila kusikika popote, mahakama inaweza kumhesabu amekufa. Stumai akauliza ikitokea amesikika. Mzee Watson akasema hesabu inaanza upya tangu siku aliyosikika. Mwaka wa pili tu wa kupotea, dereva mmoja alikuwa ameleta salamu kutoka Kapiri Mposhi za mtu aitwaye Uledi. Mama mkwe alichinja mbuzi. Baadaye ilijulikana kwamba yule alikuwa Uledi mwingine, mtu wa Kigoma, lakini mbuzi alikuwa ameshaliwa na mtaa mzima ulikuwa umeshasikia.

Kwa hiyo askari alipomwambia afike kituo cha Vwawa kutambua nguo, Stumai aliinama akafunika cherehani, na moyoni akawa na jambo ambalo hangethubutu kumwambia mtu. Alikuwa anaomba Mungu mifupa ile iwe ya mume wake.

Kituoni walikwenda na Shaban. Jaketi lilitandazwa juu ya meza, limekakamaa, limepauka, limeliwa pembeni. Stumai hakungoja kuulizwa. Alilipindua ndani nje, akaonyesha zipu. Zipu ya asili ilipoharibika, yeye ndiye aliyeing'oa, akaweka ya begi la safari, pana kuliko inavyotakiwa. Na kwa kuwa uzi mweusi ulikuwa umemwishia, alipiga mishono miwili ya uzi wa kijani. Uzi ulikuwa bado kijani.

"Hili nimelishona mimi," alisema. "Ni la mume wangu. Aliondoka nalo."

Afande Rubeni, aliyekuwa na jalada, alimtaka aape kwanza, na alipokwisha kuapa akayaandika maelezo yake, naye akatia saini. Shaban alilishika jaketi kwa mikono miwili, akaliweka usoni, akalia kwa sauti mbele ya askari. Stumai alimtazama shemeji yake akilia na akaona haya, kwa sababu yeye alichokuwa anakisikia kifuani hakikuwa kilio. Alijisikia kama mtu aliyefungiwa chumba siku nyingi akasikia ufunguo ukiingizwa upande wa nje.

Afande aliwaambia mifupa haitatoka mara moja. Lazima daktari aipitie kwanza, na daktari anayejua mambo hayo anatoka Mbeya. Shaban akasema dua haingoji mifupa.

Jioni ile mama mkwe aliambiwa. Aliuliza mara tatu habari ya zipu, kisha akaichukua sahani ya mwanawe, akaiosha, akaifudikiza. Matanga yakakaa. Wanawake wa mtaa wakamwogesha Stumai, wakamvika nguo nyeupe, wakamweka eda chumba cha ndani. Miezi minne na siku kumi, walimwambia, kama vile wanampa adhabu. Yeye aliihesabu kama zawadi. Kwa mara ya kwanza tangu Machi ile, alilala usiku kucha bila kushtuka.

Na kilio chenyewe kilikuja, siku ya tatu, bila kuitwa. Alikumbuka Uledi alivyokuwa akila amesimama, kama mtu anayeogopa kuachwa na gari lake mwenyewe. Alivyokuwa akimmenyea Raudha muwa kwa meno na kumkatia vipande vidogo kama vya mtoto mchanga hata alipokwisha kuota meno yote. Alilia kweli. Mama mkwe akaja akakaa naye kitandani, wakalia pamoja, na yule bibi akamwita mwanangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Stumai alisikia sauti za wanaume uani, kisha kimya. Mlango wa chumba ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa mama mkwe, na uso wake ulikuwa mwingine kabisa, umechangamka kwa namna ya kutisha.

"Vua hiyo nguo," alisema. "Huna aliyekufa. Daktari amesema mifupa ni ya mwanamke."

Stumai hakuelewa. Bibi yule hakungoja aelewe. Alimfungua mtandio kichwani mwenyewe, akaukunja, akatoka nao, na muda mfupi baadaye Stumai alisikia sahani ya Uledi ikifunuliwa jikoni.

Asubuhi iliyofuata alikwenda na Shaban hospitalini Vwawa. Shaban alikuwa na hasira za mtu aliyelizwa bure, akitaka kuelezwa mtu anawezaje kutazama mifupa mitupu akaijua ni ya kike. Daktari aliitwa Yonathani. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya, na alionekana kuzoea kuulizwa swali hilo. Aliwapeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya jengo la kuhifadhia maiti, ambapo mifupa ilikuwa imepangwa juu ya meza ndefu kwa mpangilio wa mtu aliyelala chali.

Shaban alisema ndugu yake alikuwa mtu mdogo, mfupi, mwenye mifupa myembamba. Labda ndiyo iliyomchanganya daktari. Dokta Yonathani akasema ndiyo maana haanzi na unene wa mifupa, wala fuvu peke yake halimtoshi. Fuvu hili, alisema, lina ukingo laini juu ya macho, na kinundu cha nyuma ya sikio ni kidogo, na hayo humwelekeza mtu kwenye mwanamke. Lakini amewahi kuona wanaume wenye mafuvu laini na wanawake wenye mafuvu mazito. Anakoanzia ni nyonga, kwa sababu nyonga ya mwanamke imeumbwa ili mtoto apate kupita, na nyonga ya mwanaume haina kazi hiyo.

Akazichukua nyonga mbili, akaziunganisha mbele, palipo mfupa wa kinena, akawaonyesha pembe iliyofunguka chini yake, pana kama dole gumba na kidole cha shahada vikitanuliwa. Ya mwanaume, alisema, hubana kama vidole viwili vya kuonyesha ushindi. Kisha akaigeuza moja upande, akawaonyesha mahali mfupa ulipojipinda nyuma na kuacha pengo.

"Weka gumba lako hapa, mama," alimwambia Stumai. "Lichezeshe. Kwa mwanaume gumba linabanwa. Hapa je?"

Stumai aliliweka. Mfupa ulikuwa mkavu, mwepesi, wa rangi ya chai. Gumba lake liliingia na likazunguka huku na huku bila kuguswa na kitu. Alijua wakati ule ule kwamba daktari anasema kweli, na akautoa mkono wake kama aliyeungua.

Dokta Yonathani aliendelea kwa upole uleule. Alisema alipima mara mbili, siku mbili tofauti, bila kutazama alichoandika siku ya kwanza. Nyonga ikiwa nzima kama hii, mtu hukosea mara chache sana. Alisema pia mwenye mifupa alikuwa kijana, maana ncha ya mtulinga upande wa kifua ilikuwa haijaungana bado. Miaka kumi na minane, ishirini, si zaidi ya ishirini na mbili au tatu. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya kiwiko zamani, utotoni, ukaungwa vibaya kidogo ukapona. Hakukuta alama ya kupigwa wala ya kukatwa. Alikufaje, mifupa haikumwambia, naye hatamsingizia.

Shaban alitoka nje kabla daktari hajamaliza. Stumai akabaki. Alijifunga khanga vizuri, akaangalia mlango, kisha akasema lile alilolala nalo tangu jana.

"Daktari, huwezi kuandika ni mwanaume? Nani atajua?"

Dokta Yonathani hakukasirika. Aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake. Alimwuliza kwa nini, naye akamweleza kwa kifupi: miaka mitatu na nusu, mama mkwe, karani, safari ya Kilosa. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mama Raudha," alisema. "Lakini huyu naye ana mama yake. Nikimwandika mume wako, huyo mama atamtafuta mwanawe mpaka afe."

Stumai aliitazama mifupa mezani, kisha akatoka. Njia nzima ya kurudi Tunduma alitazama nje, na hakuna alichokiona.

Yaliyofuata yalikuja haraka. Mpaka siku ile jaketi lilikuwa limembainisha marehemu. Sasa likawa jambo jingine kabisa. Afande Rubeni alimwita tena akamwuliza msichana gani angeweza kuwa amevaa jaketi la mume wake. Stumai akasema hajui, na hakujua. Afande akasema basi mume wake ndiye wa kuulizwa, na mtu wa kuulizwa hutafutwa. Akamwambia arudi Ijumaa, ayasome maelezo yake upya, na kama yapo ya kubadilisha abadilishe kabla jalada halijaenda mbele.

Jioni ile Shaban alimwita sebuleni, akafunga mlango. Hakupiga kelele. Aliongea kama mtu anayepanga safari. Alisema majaketi ya namna ile yalikuwa mia Tunduma mwaka ule, na zipu za begi huuzwa kila duka. Mtu aliyelemewa na huzuni anaweza kukosea. Ijumaa aseme alikosea, basi. Uledi atabaki mtu aliyepotea tu, asiye na kosa. Na yeye Shaban, hapa ndipo aliposogeza kiti, atamnyamazisha mama. Hakutakuwa na salamu tena kutoka popote. Miaka mitano ikitimia, Machi ya mwaka kesho kutwa, atakwenda mwenyewe mahakamani kuapa kwamba hawajawahi kumsikia, na Stumai atakuwa mjane halali, atakaa eda yake yote, na atakwenda Kilosa na mtoto wake.

"Ukishikilia hilo jaketi," alisema, "umemfanya ndugu yangu mwuaji, na mwuaji anayetafutwa hajafa, shemeji. Utakaa humu ndani mpaka uzeeke. Na Raudha ni damu yetu, unalijua hilo."

Stumai alilijua. Alikaa na maneno yale siku nne, akayageuza kila upande, na kila upande yalikuwa na mantiki. Alikuwa ameapa kweli ili awe huru, na ile kweli ilikuwa imemkaba. Sasa aliombwa uongo mdogo, wa uzi wa kijani tu, na uongo huo ungemfungulia. Hata Uledi mwenyewe ungemwokoa. Kwani alikuwa na hakika gani kwamba Uledi aliua mtu? Huenda gari lilikwama, mvua ikanyesha, akavua jaketi lake mwenyewe akamfunika msichana, akaenda kutafuta msaada mto ukamchukua. Alimjua kuwa mtu wa kufanya hivyo. Alimjua pia kuwa mtu wa kukimbia. Yote mawili yalikuwa Uledi, na katika yote mawili kulikuwa na msichana kwenye Fuso ambaye yeye, mke, hakuwahi kuambiwa.

Alhamisi mchana alikuja mwanamke mmoja barazani, mrefu, mwenye viatu vya matairi na shuka jeusi mabegani. Alisalimia kwa Kiswahili kizito cha Kisukuma, akasema anaitwa Mbuke, ametoka bondeni, na kituo cha polisi kimemwelekeza kwa mama Raudha fundi.

Tangazo la msichana mwenye mkono uliovunjika lilikuwa limesomwa kwenye mnada wa ng'ombe na makanisani. Mbuke alilisikia kanisani. Alimwambia mumewe, Mhoja, kwamba anakwenda kutibiwa jino, akapanda hadi Vwawa, na daktari akamwonyesha mfupa wa mkono. Alimsimulia Stumai hayo huku ameshika mkono wake mwenyewe wa kushoto, chini ya kiwiko. Binti yake Conjesta alianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akiwa na miaka saba. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga vijiti.

Conjesta alikuwa ameposwa na mzee mwenye ng'ombe wengi. Hakumtaka. Mwezi wa tatu mwaka 2004, akiwa na miaka kumi na tisa, aliamka mapema akaondoka, na Mhoja akatangaza kwamba ametorokea Zambia na mwanaume, na atakayelitaja jina lake bomani atatoka bomani. Mbuke alikuwa na watoto wengine watano mle bomani. Miaka yote ile hakulitaja. Alipokuwa peke yake kwenye mpunga alilisema kwa sauti ya chini, asije akalisahau.

"Ng'ombe sitaki, kesi sitaki," alisema Mbuke. "Nataka kujua alipanda gari la nani. Huko polisi wanasema jaketi ni la dereva, kisha wanasema labda si lake. Wewe ndiye fundi. Niambie."

Stumai alikuwa na khanga ya mtu kwenye cherehani, nusu imeshonwa. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni nyuma yake, na hakuwa kiziwi. Stumai aliuachia upindo wa khanga.

"Alipanda gari la mume wangu," alisema. "Jaketi alilovaa nimelishona mimi. Sijui kilichowapata, mama. Ningelijua ningekwambia."

Mbuke alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayepokea mzigo na kuutafutia mahali pa kukaa. Alishukuru. Aliomba maji, akanywa, akashukuru tena.

Ijumaa Shaban alimsindikiza mpaka Vwawa, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, mahali ambapo angeweza kuona mlango. Afande Rubeni alimsomea Stumai maelezo yake neno kwa neno, kisha akashika kalamu. Kulikuwa na joto, na kupitia dirishani Stumai aliuona mgongo wa shemeji yake.

"Sibadilishi," alisema.

Afande akamwuliza kama ameelewa maana yake. Akasema ameelewa. Akatia saini mara ya pili.

Shaban hakumpiga wala hakumfukuza. Kufukuzwa kungekuwa mlango. Alimrudisha nyumbani, na tangu siku ile alimtaja kwa watu kuwa mke wa Uledi kwa mkazo mpya. Mhoja alikataa mifupa isiingie bomani kwake, kwa hiyo Mbuke na watu wa kanisa lake waliizika kando ya kanisa, kule bondeni, siku ambayo Stumai hakuruhusiwa kutoka. Alipeleka kitambaa cheupe tu, alichokishona mwenyewe, kwa mkono wa dereva wa magari ya abiria.

Uledi akaanza kutafutwa, na mara akaanza kuonekana. Mwezi wa kumi na mbili alionekana Kasumbalesa. Mwaka uliofuata alionekana Mpulungu, amenenepa. Hakuna aliyewahi kumleta, wala picha yake, wala sauti yake kwenye simu, lakini kila aliyekuja na habari alikaribishwa chai, na mama mkwe alipendeza usoni wiki nzima. Machi 2009 ilipofika, Stumai alikwenda kwa mzee Watson wazi, bila kusingizia vifungo. Karani alilifungua kabati, akasoma karatasi za jalada, akalifunga. Alisema polisi wanamsaka Uledi kama mtu aliye hai, na nyumbani kwake wanasema ameonekana. Mahakama itamhesabuje amekufa?

Stumai alirudi kwenye cherehani. Ulipita mwaka, ukapita wa pili. Mbuke alikuwa akipanda Tunduma kila baada ya mavuno kuuza mpunga, akapitia barazani, na wakati mwingine walikwenda pamoja kituoni kuuliza, wakajibiwa kwamba jalada liko wazi.

Mwaka 2011 ni mzee Watson mwenyewe, akikaribia kustaafu, aliyemsimamisha njiani akamwuliza kwa nini miaka yote anaomba ujane, haombi talaka. Mume aliyemtelekeza mkewe muda ule, awe hai awe mfu, talaka hutoka. Stumai akasema alilijua hilo tangu mwanzo. Mjane hukaa na mwanawe. Aliyeachika hutoka na nguo zake, na mtoto hubaki kwa baba yake. Mzee Watson akasema siku hizi hakimu humwuliza mtoto.

Aliifikiria miezi miwili, kisha akafungua shauri. Shaban alikuja mahakamani kupinga, akasema ndugu yake atarudi, na hakimu akamwuliza lini. Hakuweza kutaja. Talaka ikatoka. Kisha Raudha akaitwa, msichana wa miaka kumi na tatu mwenye sare ya shule, akaulizwa anataka kukaa wapi.

Raudha hakumtazama mama yake. Alisema bibi yake haoni tena vizuri, hawezi kwenda msalani peke yake usiku, na hakuna mwingine wa kumshika mkono. Alisema atakaa na bibi. Alilisema kwa adabu na bila kigugumizi, kama mtu aliyelifanyia mazoezi ili lisimtoke vibaya, na hakimu akaandika.

Stumai alipanga chumba kimoja Chapwa, akahamisha cherehani kwenye kibanda kando ya njia ya shule. Safari ya Kilosa, aliyoililia miaka saba, aliifanya mara moja tu, akakaa siku tano na dada yake, akaona hawezi kukaa zaidi. Kila siku ya masomo, saa tisa na nusu, Raudha hupita, huvua viatu, hula alichobakishiwa, humsaidia mama yake kutarizi vitambaa vya viti. Wanaongea ya shuleni. Ikifika saa kumi na moja anatazama nje, anasema bibi atakuwa ameamka, anavaa viatu. Stumai humwambia asalimie nyumbani, kisha humtazama akipanda njia ya Sogea mpaka anapokata kona.